Wanawake wa Montgomery na Heshima Iliyochelewa Kufika

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 2 Desemba 1955, mwalimu wa Kiingereza aitwaye Jo Ann Robinson aliingia katika chumba cha mashine ya kurudufu cha Chuo cha Alabama State, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, akiwa na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili. Walichokuwa wakikichapa ni kipeperushi kifupi, kifupi kiasi kwamba karatasi moja ilibeba nakala tatu za kukatwa baadaye. "Mwanamke mwingine Mweusi amekamatwa na kutupwa jela," kilianza, "kwa sababu alikataa kuinuka kitini mwake ndani ya basi ili Mzungu akae." Kiliwaomba Weusi wote wa mji huo wasipande basi siku ya Jumatatu. Mwanamke mwenyewe hakutajwa jina. Jina lililotajwa lilikuwa la msichana Claudette Colvin, aliyekamatwa miezi tisa kabla kwa jambo lilelile.

Mwanamke asiyetajwa alikuwa Rosa Parks, na leo jina lake linajulikana hata kwa watoto wa shule, ilhali Colvin na Robinson ni wageni kwa watu wengi wanaoamini kwamba wanaijua habari hii. Habari yenyewe husimuliwa kwa pumzi moja: mshonaji aliyechoka alikataa kuinuka, watu wakaacha kupanda mabasi, mchungaji kijana Martin Luther King akajitokeza kuwaongoza, ubaguzi wa mabasini ukaisha. Masimulizi hayo yameyafunga pamoja mambo matatu ambayo kwa kweli yalikuwa mbalimbali na kila moja lilikuwa na wenyewe, yaani kukamatwa kwa abiria, kususiwa kwa mabasi, na kesi iliyoiangusha sheria. Anayeyafungua anakuta katika kila fundo mwanamke aliyefanya kazi yake mahususi, na anakuta pia sababu mahususi iliyofanya mwanamke huyo asitajwe. Sababu hizo hazifanani. Kwa hiyo kuwaenzi wote kwa pongezi moja ya jumla, kama inavyofanyika kila mwaka katika sherehe nyingi, ni kuwapa heshima bila kujua wanaheshimiwa kwa lipi.

Neno moja kuhusu lugha kabla ya kuendelea. Wengi wetu tumezoea kuandika "mgomo wa mabasi wa Montgomery", lakini kwa sikio la Mswahili mgomo wa mabasi ni madereva na makonda kuegesha magari huku abiria tukiachwa kituoni tukiangaliana. Montgomery ilikuwa kinyume chake. Mabasi yalitembea, yakafuata njia zake kama kawaida, yakiwa matupu au yamebeba Wazungu wachache. Abiria ndio waliosusa, na kususa kwa mwaka mzima kunataka maandalizi ambayo mgomo wa siku mbili hauyahitaji.

Basi lenyewe lilikuwa na viti 36. Viti kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu hata kama hamkuwamo Mzungu hata mmoja, na Weusi walijaza kuanzia nyuma. Utata ulikuwa katika viti vya katikati. Mweusi aliruhusiwa kuvikalia mpaka Mzungu alipokosa nafasi mbele. Hapo dereva, ambaye sheria ya jiji ilimpa mamlaka kama ya polisi ndani ya basi lake, aliamuru mstari mzima uachwe wazi, kwa kuwa Mweusi na Mzungu hawakupaswa kukaa mstari mmoja. Nauli, senti 10, ililipwa kwenye mlango wa mbele, kisha mara nyingi abiria Mweusi alitakiwa ashuke, azunguke nje, aingie kwa mlango wa nyuma, na wapo madereva walioondoa gari kabla hajaufikia mlango huo. Takriban robo tatu ya abiria wa mabasi hayo walikuwa Weusi, na wengi kati yao walikuwa wanawake waliokwenda asubuhi kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba za Wazungu upande wa pili wa mji na kurudi jioni. Dhuluma ya mabasi iliwapata wanaume pia, lakini aliyekutana nayo mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani.

Mwaka 1946 Mary Fair Burks, mkuu wa idara ya Kiingereza katika Chuo cha Alabama State, alianzisha Baraza la Kisiasa la Wanawake. Lilikuwa baraza la wanawake wasomi, wengi wao walimu, lililohimiza watu kujiandikisha kupiga kura na kupeleka malalamiko kwa wakuu wa jiji. Robinson alifika chuoni hapo kufundisha mwaka 1949, na Desemba ya mwaka huohuo, akielekea likizo ya Krismasi, alipanda basi lililokuwa karibu tupu na kukaa mbele bila kufikiri. Dereva alimjia juu kwa ukali kiasi kwamba aliogopa angepigwa, akashuka akilia. Alipowaeleza wenzake wa baraza hakuna aliyeshangaa. Walimwambia hayo ndiyo maisha ya Montgomery. Mwaka uliofuata alikuwa mwenyekiti wa baraza hilo, na suala la mabasi likawa ajenda yake ya kudumu.

Tarehe 21 Mei 1954, siku nne tu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutamka kwamba ubaguzi katika shule za umma unavunja katiba, Robinson alimwandikia barua Meya W. A. Gayle. Lugha ya barua ilikuwa ya heshima. Ilimkumbusha meya kwamba bila abiria Weusi mabasi hayawezi kujiendesha, na ikamjulisha kwamba zaidi ya vyama 25 vya mji huo vilikuwa vikizungumzia kususia. Madai yalikuwa madogo kuliko tunavyofikiri leo: Weusi wakae kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele mpaka viti vijae, pasiwe na mtu wa kulipa mbele na kuzunguka nyuma, na mabasi yasimame katika kila kona ya mitaa ya Weusi kama yalivyosimama katika mitaa ya Wazungu. Barua haikuomba ubaguzi ufutwe. Hata waliposusa mwaka uliofuata, dai la mwanzo lilikuwa hilohilo la kupanga viti kwa ustaarabu zaidi ndani ya ubaguzi uleule. Dai la kuufuta ubaguzi wenyewe lilikuja kwa njia nyingine, na wanawake waliolibeba ni wengine, kama tutakavyoona.

Claudette Colvin alikuwa na miaka 15, mwanafunzi wa sekondari, alipokataa kuinuka tarehe 2 Machi 1955. Polisi walimtoa kwa nguvu na kumfungulia mashtaka matatu: kuvunja sheria ya ubaguzi, kufanya fujo, na kumshambulia askari. Kwa muda viongozi wa Weusi wa mji walidhani wamepata kesi waliyoisubiri, kisha wakarudi nyuma. Sababu moja ilikuwa ya kisheria na ilikuwa na uzito. Kesi ilipofika katika rufaa, mashtaka mawili ya kwanza yaliondolewa, likabaki la kumshambulia askari, hivyo sheria ya ubaguzi haikuwa tena mbele ya mahakama na hapakuwa na cha kukipinga. Sababu nyingine zilikuwa za aina ambayo kila jamii inaijua na hakuna inayopenda kuikiri. Colvin alitoka mtaa wa makabwela, alionekana mdogo na mwenye hasira, na katika mwaka huo alipata ujauzito bila kuolewa. Oktoba alikamatwa Mary Louise Smith, mwenye miaka 18, naye pia akaachwa kwa sababu ya uvumi kuhusu familia yake.

Sitaki kuwahukumu kwa wepesi waliofanya uamuzi huo. Walijua magazeti ya Wazungu yangemfanya nini binti mjamzito wa miaka 15 mahakamani, na walikuwa na nafasi moja tu ya kupiga. Hata hivyo gharama ya busara yao ililipwa na msichana aliyebaki na doa la jinai, ambaye baadhi ya wanafunzi wenzake walianza kumkwepa, na ambaye alizisikia habari za Rosa Parks kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe zikisimuliwa kwa jina la mwingine. Wawili hao hawakuwa wapinzani. Parks ndiye aliyekuwa mlezi wa kundi la vijana la NAACP, chama kilichopigania haki za Weusi, na Colvin alihudhuria mikutano yake.

Hapo ndipo picha ya "mshonaji aliyechoka" inapoanza kuchanika. Ni kweli Parks alikuwa fundi wa kushona katika duka kubwa la nguo, na ni kweli alikuwa akitoka kazini jioni ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba. Lakini alikuwa katibu wa tawi la NAACP la Montgomery tangu mwaka 1943. Mwaka 1944 alitumwa Abbeville, mji mdogo wa Alabama, kuchunguza kisa cha Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na genge la wanaume wa Kizungu, na akasaidia kuunda kamati iliyokifanya kisa hicho kijulikane nchi nzima. Katika kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, jimboni Tennessee, chini ya Septima Clark, mwalimu mkongwe ambaye mwaka uliofuata alifukuzwa kazi huko South Carolina kwa kukataa kujitoa NAACP. Dereva aliyemwamuru ainuke jioni ile, James Blake, alikuwa yuleyule aliyemshusha njiani mwaka 1943. Parks alikaa katika mstari wa kwanza wa viti vya katikati, mahali aliporuhusiwa kukaa, pamoja na abiria wengine watatu. Mzungu mmoja alikosa kiti, wanne wakaamriwa wainuke, watatu wakainuka. Baadaye Parks mwenyewe alisisitiza kwamba mwili wake haukuwa umechoka kuliko siku nyingine yoyote, na kwamba alichokuwa amechoka nacho ni kusalimu amri. Kumfanya bibi wa kushona ambaye miguu ilimuuma siku moja ni kumnyang'anya miaka 12 ya kazi ya hatari.

Wakili kijana Fred Gray alipompa Robinson taarifa kwa simu usiku ule, Robinson hakusubiri kikao. Mpango wa kususia ulikuwepo tayari. Kilichokosekana ni tarehe. Hadi saa kumi alfajiri makumi ya maelfu ya vipeperushi yalikuwa yamekatwa na kufungwa mafungu, na Ijumaa asubuhi, baada ya kipindi chake cha kwanza, Robinson na wanafunzi wake walizunguka na gari wakiyashusha kwenye shule, saluni, maduka na viwanda ambako wanachama wa baraza walikuwa wakisubiri. Wachungaji walikutana baadaye siku hiyo, wakati vipeperushi vimekwisha kuwa mikononi mwa watu. Kwa maneno mengine, walialikwa kuongoza jambo ambalo tayari lilikuwa limeanza kutembea, na E. D. Nixon, kiongozi wa wafanyakazi aliyemtolea Parks dhamana, aliwakaripia waziwazi wale waliotaka majina yao yafichwe, akiwakumbusha kwamba miaka yote wamelishwa na wanawake wanaofua nguo za watu.

Kwa nini basi Robinson mwenyewe hakusimama mbele? Wengi hujibu haraka kwamba wanaume walimsukuma nyuma, na jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Alabama State kilikuwa chuo cha Weusi kinachoendeshwa kwa fedha za serikali ya jimbo, yaani serikali ya Wazungu wabaguzi, na karatasi pamoja na mashine vilikuwa mali ya chuo. Jina la Robinson lingetokea gazetini, si yeye tu bali chuo kizima kingeadhibiwa. Rais wa chuo alipogundua kilichotokea alimhoji kwa hasira, kisha akamruhusu aendelee kwa tahadhari, na baraza la wanawake likalipia karatasi. Mchungaji, kwa upande wake, alilipwa na waumini wake Weusi, na hapakuwa na Mzungu wa kumfukuza kazi. Kwa hesabu hiyo ilikuwa busara kwamba jumuiya mpya ya kuendesha ususiaji, iliyoundwa alasiri ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba, iongozwe na King, mchungaji wa miaka 26 ambaye hakuwa amekaa mjini muda wa kutosha kujipatia maadui. Robinson aliingia katika kamati yake ya utendaji, akahariri jarida lake, akakaa mezani katika mazungumzo na jiji, na akaendesha gari lake alfajiri na jioni kubeba watu. Jiwe lilivunja dirisha la nyumba yake na tindikali ikamwagwa juu ya gari lake. King aliandika mwaka 1958 kwamba Robinson, pengine kuliko mtu mwingine yeyote, alishiriki katika kila ngazi ya harakati hiyo.

Ukimya wa Robinson ulikuwa mbinu. Tatizo la mbinu ya namna hiyo ni kwamba inapofanikiwa hakuna anayekumbuka kuja kukutoa mafichoni.

Kususa kulidumu siku 381, na siku 381 haziendeshwi kwa hotuba. Watu walitembea kwa miguu. Wengine walibebwa na magari ya watu binafsi, takriban 300, yaliyopangiwa vituo na saa kama usafiri rasmi wa umma, na baadaye na magari makubwa yaliyonunuliwa kwa majina ya makanisa. Wapo akina mama wa Kizungu waliowafuata wapishi wao kwa magari yao wenyewe, mpaka Januari 1956 meya akawasihi hadharani waache, maana walikuwa wakiusaidia upinzani bila kujijua, au labda wakijijua. Magari yalihitaji petroli, matairi na bima, na hivyo vilihitaji fedha kila wiki.

Hapa anaingia Georgia Gilmore, ambaye msomaji wa Dar es Salaam angemtambua mara moja kwa jina la mama ntilie. Alikuwa mpishi katika mkahawa, mkunga, na mama wa watoto sita. Oktoba 1955, kabla hata Parks hajakamatwa, dereva alipokea nauli yake, akamwambia azunguke mlango wa nyuma, akaondoka na fedha. Kuanzia siku hiyo Gilmore hakupanda basi tena. Mikutano ya hadhara ilipoanza, yeye na rafiki zake walichanga dola 14, wakanunua kuku, mkate na majani ya saladi, wakatengeneza sandwichi na kuziuza kwa waliokuja kusikiliza. Biashara ikakua hadi keki, pai za viazi vitamu na sahani kamili za chakula, zilizouzwa saluni, kwenye vituo vya teksi na milangoni mwa watu. Wapishi wengi walikuwa wafanyakazi wa nyumba za Wazungu ambao wangefukuzwa kama ingejulikana wanafanya nini jioni, kwa hiyo Gilmore peke yake ndiye aliyejua nani amepika nini, na kundi hilo akaliita Klabu Isiyotoka Popote. Kila mkutano alipita mbele akiimba, akaweka fedha sahanini, na mtu akiuliza zimetoka wapi, jibu lilikuwa ukweli mtupu: hazikutoka popote. Upande mwingine wa mji, Inez Ricks aliendesha kundi kama hilo, na mashindano ya nani ameleta zaidi yakawa burudani ya mikutano.

Machi 1956 King aliposimama mahakamani kwa shtaka la kuongoza ususiaji kinyume cha sheria ya jimbo ya mwaka 1921, Gilmore alitoa ushahidi mahakamani, akaeleza kisa cha dereva na nauli yake bila kupunguza neno. Alifukuzwa kazi. King alimtia moyo apike nyumbani kwake na kumsaidia kupata vyombo, na chumba chake cha kulia kikawa mahali ambapo wachungaji, mawakili, mafundi na wakati mwingine Wazungu walikaa meza moja, jambo ambalo sheria ya mji ililikataza katika mikahawa ya kawaida.

Fundo la tatu ni la mahakama, nalo ndilo linalochanganya watu zaidi. Parks alitozwa faini ya dola 10 na gharama za dola 4, akakata rufaa katika mahakama za jimbo, na rufaa hiyo ingeweza kukwama huko kwa miaka. Gray aliona kwamba njia ya uhakika ni kufungua kesi mpya katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya jimbo, kesi ya madai isiyouliza kama fulani ana hatia ila kama sheria yenyewe inapatana na katiba. Parks aliachwa nje kwa makusudi, ili upande wa pili usiseme kwamba kesi hiyo ni ujanja wa kukwepa rufaa yake. Wadai walikuwa wanawake: Aurelia Browder, mjane mwenye watoto sita aliyekamatwa Aprili 1955, Susie McDonald, aliyekuwa amevuka miaka 70, Mary Louise Smith, na Claudette Colvin, ambaye alijifungua kabla kesi haijasikilizwa. Mwanamke wa tano alijitoa baada ya kushinikizwa, na hilo linatosha kutuonyesha wanne waliobaki walikabili nini. Hakuna mwanamume aliyeweka jina lake.

Kesi ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya nyumba ya King kulipuliwa kwa bomu, na ikasikilizwa tarehe 11 Mei mbele ya majaji watatu. Wakili wa jiji alikuwa na nadharia moja, kwamba Weusi wa Montgomery walikuwa wametosheka mpaka King alipokuja kuwachochea, na alimsukuma kila shahidi akiri hivyo. Alipomuuliza Colvin kama walikuwa na kiongozi, binti huyo wa miaka 16 alijibu kwamba viongozi wao ni wao wenyewe. Jibu hilo lilikuwa la kisheria kuliko linavyoonekana, kwa sababu liliziba mlango ambao wakili alikuwa akiutafuta, na wakati huohuo lilikuwa maelezo sahihi ya namna mambo yalivyofanyika. Tarehe 5 Juni majaji wawili dhidi ya mmoja waliamua kwamba sheria ya ubaguzi wa mabasini inavunja katiba. Tarehe 13 Novemba, siku ileile ambayo jiji lilikuwa mahakamani likiomba amri ya kuzuia magari ya wasusiaji, Mahakama ya Juu ilithibitisha hukumu hiyo, na tarehe 21 Desemba 1956 abiria Weusi walirudi mabasini na kukaa walikotaka.

Nini basi kiliimaliza sheria, kususa au kesi? Kwa maandishi ni kesi, na kesi ina jina la Browder upande mmoja na la Meya Gayle upande wa pili. Lakini wakili ambaye wateja wake wamezungukwa na mji mzima uliokataa kutishwa anasimama mahakamani kwa namna nyingine kabisa, na sidhani kwamba wanawake wanne wangestahimili vitisho vya miezi ile kama kila asubuhi wasingeona jirani zao wakipita kwa miguu.

Heshima ilianza kupotoka mapema. Katika mkutano mkubwa wa usiku wa tarehe 5 Desemba 1955, Parks aliketishwa mbele, akatambulishwa, akapigiwa makofi. Aliuliza kama atasema neno, akaambiwa amekwisha kusema vya kutosha. Karibu miaka minane baadaye, tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi, tukio hilo lilirudiwa kwa kiwango cha taifa. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya maandalizi, alilalamika kwamba hapakuwa na mwanamke katika orodha ya wazungumzaji wakuu. Jibu lililopatikana lilikuwa kuweka kipengele cha salamu kwa wanawake wapigania uhuru: majina yao yalisomwa, akiwemo Parks, umati ukashangilia, na Daisy Bates wa Arkansas akapewa nafasi ya maneno machache kwa niaba ya wote. Waliheshimiwa ili wasihutubie. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa heshima inayotumika kama pazia.

Mambo yaliyofuata yanajulikana kwa sehemu. Parks na mumewe walipoteza kazi, wakahamia Detroit mwaka 1957, wakaishi kwa dhiki mpaka alipoajiriwa mwaka 1965 katika ofisi ya mbunge John Conyers. Alipofariki mwaka 2005 jeneza lake liliwekwa katika ukumbi wa kuba la Bunge la Marekani, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Robinson na Burks waliondoka Alabama State mwaka 1960, serikali ya jimbo ilipowaandama walimu wa chuo hicho. Robinson aliandika kumbukumbu zake na kuzichapisha mwaka 1987, akaweka katika anwani ya kitabu maneno "wanawake walioianzisha", akafariki mwaka 1992. Mwaka 2022 chuo chake cha zamani kilibadilisha jina la jengo lililokuwa na jina la gavana mmoja aliyewahi kuwa wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, likaitwa kwa jina la Robinson. Sanamu ya Parks ilipozinduliwa katikati ya Montgomery tarehe 1 Desemba 2019, palikuwa na mawe manne ya matale pembeni yake kwa ajili ya Browder, McDonald, Smith na Colvin. Wanne hao walipata mawe, na Parks sanamu. Mwaka 2021, Colvin akiwa na miaka 82, mahakama ya watoto ya Montgomery ilifuta rasmi kumbukumbu ya jinai iliyomwandama tangu akiwa na miaka 15.

Gilmore alifariki Machi 1990. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameamka mapema kupika kuku na makaroni kwa ajili ya watu waliokuja kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma ya kudai haki ya kupiga kura. Waombolezaji walipofika nyumbani kwake walikuta chakula kiko tayari, wakala.